Mzee akilia akisikia wimbo, nizime au niache?

“Mimi ni Mkongomani, nimekulia Uvira. Sasa ninaishi jimbo la Victoria, Australia, na kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye makao. Kuna mzee mmoja Mwaborijini, yaani mwenyeji wa asili wa Australia, miaka sabini na kitu, ambaye alichukuliwa na serikali kutoka kwa wazazi wake akiwa mdogo. Kila jioni ananiomba nimwekee nyimbo za Archie Roach kwenye simu yangu, na ule wimbo wa watoto kuchukuliwa ukifika, analia. Halii kwa kwikwi, machozi yanateremka tu, na ameshika ukingo wa kitanda. Msimamizi wangu ameniambia niache, eti ninamtonesha kidonda. Mwenzangu wa zamu anasema muziki ni dawa, nimwache alie mpaka apone. Je, ninamponya au ninamuumiza? Nimwekee nyimbo za injili badala yake? Na kuna jambo ninaona haya kulisema: akilia, mimi nami huenda chooni kulia, na simlilii yeye.”

Dada yangu, jambo ulilolisema kwa haya ndilo nililolirudia kulisoma. Nitalifikia, usidhani nimelikwepa.

Kwanza nikutoe hofu. Hujamtonesha mtu kidonda. Mzee ameomba wimbo anaoujua, anajua utamfanya nini, na kesho yake anaomba tena. Mtu haombi kwa hiari yake, jioni baada ya jioni, kitu kinachomuumiza tu. Najua utaniambia mlevi naye huomba chupa kila jioni. Kweli, ndiyo maana hoja hiyo peke yake hainitoshi na jibu langu ni refu.

Msimamizi wako ninamwelewa. Kwenye makao ya wazee, mzee akilia huandikwa kwenye ripoti kama tukio, na tukio lina maswali yake. Hata mimi nimewahi kuwa yeye. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, kwenye makao fulani huko Pwani, bibi mmoja alikuwa akilia kila redio ikipiga taarabu moja ya zamani. Nikawa nawahi kuizima. Siku ya tatu bibi akanigeuzia uso ukutani, hataki chai, hataki kusemeshwa. Jioni akaniambia, “Mume wangu alizama na jahazi, hana kaburi. Wewe unataka nimlilie wapi?” Tangu siku hiyo sizimi wimbo kabla ya kuuliza.

Sasa nikueleze huyo anayemliza mzee wako ni nani, kwa sababu jibu langu karibu lote limo katika maisha yake.

Archie Roach alizaliwa Mooroopna, hapo hapo Victoria, Januari 1956. Mama yake alikuwa wa watu wa Gunditjmara, wenye nchi ya kusini-magharibi mwa jimbo unaloishi, na baba yake alikuwa wa Bundjalung, kutoka New South Wales. Akiwa na miaka miwili au mitatu hivi, familia ikiishi Framlingham karibu na mji wa Warrnambool, maofisa walikuja wakamchukua yeye na ndugu zake. Wazazi hawakuwa na kosa. Ilikuwa sera ya serikali kwamba mtoto wa Kiaborijini akilelewa mbali na watu wake atageuka kuwa kama Mzungu. Ripoti ya tume ya haki za binadamu ya Australia ya mwaka 1997 ilikadiria kwamba kati ya 1910 na 1970, angalau mtoto 1 kati ya kila 10 wa wenyeji wa nchi ile alichukuliwa, na huenda ilifika 1 kati ya kila 3. Hao ndio wanaoitwa Vizazi Vilivyoibwa, na mzee wako ni mmoja wao.

Mtoto Archie aliambiwa wazazi wake walikufa kwa moto wa nyumba. Akapita kituo cha yatima, akapita nyumba mbili ambazo hakupata raha, kisha akalelewa Melbourne na familia ya Cox, wahamiaji kutoka Scotland, na hao walimpenda. Binti mmoja wa nyumba ile alipiga nyimbo za kanisani, na ndiye aliyemwonyesha kinanda na gitaa. Huo upendo ninautaja makusudi, kwa sababu utasikia watu wakisema, “Lakini wengine walilelewa vizuri.” Walilelewa vizuri, na bado walikuwa wameibwa.

Kisha siku moja, akiwa na miaka kama kumi na mitano, kipaza sauti cha shule kikaita: Archibald William Roach afike ofisini. Darasani hakukuwa na mtu wa jina hilo. Yeye alijulikana kama Archie Cox. Lakini akaenda. Kulikuwa na barua kutoka kwa dada yake, dada ambaye hakujua anaye, ikimwambia kwamba mama yao amefariki. Hebu iweke barua hiyo mkononi mwako. Una jina lingine. Una ndugu. Na mama uliyeambiwa aliungua zamani alikuwa hai mpaka juzijuzi, na sasa ndiyo kweli hayupo.

Alitoka nyumbani na gitaa lake kwenda kuwatafuta watu wake, na ikamchukua miaka mingi ya barabarani, Sydney, Adelaide, Melbourne, pombe ikiwa ndiyo blanketi. Kuna kichochoro mtaa wa Fitzroy, Melbourne, ambako Waaborijini walikuwa wakikusanyika kunywa na kupashana habari. Mtu mwingine akikitazama angeona walevi tu. Archie alikuwa anakaa na watu wanaowajua jamaa zake na wanaoweza kumwambia yeye ni wa nani. Albamu yake ya kwanza, Charcoal Lane, ya mwaka 1990, imebeba jina la kichochoro hicho. Adelaide ndiko alikokutana na Ruby Hunter, wote wawili vijana wadogo wasio na makazi, naye Ruby wa watu wa Ngarrindjeri akiwa amechukuliwa utotoni vilevile. Wakawa mke na mume, wakaacha pombe, wakalea watoto wao na kufungua mlango kwa watoto wa wengine. Ruby naye alikuwa mtunzi, na mmoja wa nyimbo za Charcoal Lane ni wake.

Sasa sikiliza jinsi ule wimbo ulivyopatikana. Took the Children Away, yaani “waliwachukua watoto”, Archie hakuutunga kutokana na kumbukumbu yake mwenyewe. Alikuwa mdogo mno, hakumbuki. Mzee mmoja wa Framlingham, Banjo Clarke, alimhimiza atunge wimbo juu ya siku ile. Archie akasema hakumbuki kitu. Mzee akamwambia yeye alikuwepo, naye akamsimulia. Wimbo unaomliza mzee wako umeshonwa kwa kumbukumbu ya mtu mwingine, aliyekaa chini na kijana na kumrudishia siku yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanamuziki Paul Kelly alimwalika afungue tamasha lake Melbourne. Archie akaimba wimbo ule, akamaliza, na ukumbi ukawa kimya. Alidhani wameuchukia. Akaanza kuondoka jukwaani, ndipo makofi yakaanza, kidogo kidogo, mpaka yakajaa ukumbi. Ninaupenda ule ukimya kuliko makofi. Watu walikuwa wamesikia jambo ambalo kwa miaka mingi lilisemwa halikutokea. Ripoti ya taifa ilikuja baadaye, 1997, na Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008. Wimbo ulitangulia vyote viwili.

Sasa turudi chumbani kwa mzee.

Huwa tunasema wazee hukumbuka nyimbo za ujana wao, na ni kweli: nyimbo tulizozisikia tukiwa kati ya utoto na utu uzima hukaa kichwani hata ugonjwa wa kusahau unapokula mengine. Lakini hiyo siyo habari ya mzee wako. Wimbo huu ulipotoka, yeye alikuwa tayari mtu mzima wa karibu miaka arobaini. Nadhani kinachomshika ni kwamba, baada ya maisha ya kuambiwa hakutakiwa, au mama amekufa, au ilikuwa kwa faida yake, akasikia redioni mtu akiitaja kweli yake hadharani. Wapo wengi waliosimulia hivyo.

Kuhusu mwili, kumbukumbu ya kawaida hukaa kama hadithi: ilianza hivi, ikaisha vile, ilikuwa mwaka fulani. Kumbukumbu ya jambo lililomtisha mtoto kupita kiasi haikai hivyo. Hubaki vipande: harufu ya sabuni, mlango wa gari, mkono mkubwa umeshika kiganja. Vipande hivyo havina tarehe. Vikiguswa, mwili hudhani jambo linatokea sasa hivi, moyo unakimbia, pumzi inakatika, mtu anaganda. Hicho ndicho wanasaikolojia wanachokiita kiwewe.

Wimbo ni kitu cha ajabu hapo. Una mwanzo, una kati, una mwisho. Anajua mstari gani unafuata, kwa hiyo hakuna kinachomvizia. Mpigo wake ni wa taratibu, na pumzi ya msikilizaji huelekea kuufuata. Akiimba pamoja nao, anatoa hewa kwa kirefu, na kutoa hewa kwa kirefu hutuliza moyo. Lile jambo lisilo na tarehe linapewa mpangilio wa dakika kama tano. Analipitia huku ameshika ukingo wa kitanda, anajua yuko wapi, na linaisha.

Na angalia linavyoisha. Usikilize wimbo ule mpaka mwisho, wewe mwenyewe, siku ukiwa umetulia. Beti za mwisho hazihusu kuchukuliwa. Watoto wanarudi. Wanarudi kwa mama, kwa baba, kwa nchi yao, na mwimbaji anajitaja kuwa naye amerudi. Sasa fikiria msimamizi anapita mlangoni dakika ya tatu, wewe unashtuka na kuzima simu. Umemwacha mzee ndani ya gari la serikali. Nakuomba hili kuliko yote: ukiuanza wimbo huo, uache umalizike. Kama una dakika nne tu kabla ya kengele ya chumba kingine, usiuanze.

Mwenzako anayesema “muziki ni dawa, alie mpaka apone” amenipa shida zaidi kuliko msimamizi. Wimbo si panado. Mtu anaweza kulia na wimbo mmoja chumbani peke yake kwa miaka thelathini na kusibadilike kitu. Archie mwenyewe aliwahi kusema kwamba kila akiuimba, sehemu kidogo ya uchungu humtoka. Kidogo. Na aliimba zaidi ya miaka thelathini. Katikati ya miaka hiyo, Februari 2010, Ruby alifariki. Mwaka huo huo Archie akapigwa na kiharusi akiwa kazini kule Kimberley, kaskazini-magharibi mwa Australia, na 2011 akakutwa na saratani ya mapafu, akakatwa sehemu ya pafu. Ilibidi ajifunze upya kupiga gitaa. Mwaka 2012 akatoa albamu yenye kwaya nyuma yake, na 2020, wakati wa korona, akakaa kwenye meza ya jikoni kwake, mrija wa oksijeni puani, akazirekodi upya nyimbo za ile albamu ya kwanza. Ukiniuliza kama alipona, sijui neno hilo lingemtosha vipi. Alikuwa na mtu wa kumsimulia, kisha mke, kisha ukumbi, kisha kwaya. Katika maisha yake yote simwoni akiimba peke yake gizani.

Ndiyo maana kwangu swali la nizime au niache ni dogo. Mimi nataka kujua wewe umekaa wapi wakati wimbo unapigwa.

Kama unabonyeza simu, unaiweka mezani na kuendelea kukunja mashuka, msimamizi ana hoja. Kesho fanya hivi. Muulize kwanza: “Leo tuweke ule wimbo, au tuuache?” Hili swali dogo lina uzito kuliko unavyodhani, maana aliyechukuliwa utotoni hakuulizwa. Akitaka, vuta kiti, kaa usawa wa macho yake, usisimame juu yake wala mlangoni. Usimshike ila akikunyooshea mkono. Na tafadhali usimwambie “nyamaza”. Sisi tuna mazoea hayo, mfiwa akilia twamwambia jikaze, nyamaza, Mungu yupo. Matangani inaeleweka kwa sababu watu hamsini wamelala sebuleni kwako wiki nzima. Neno hilo limezungukwa na miili. Kwenye chumba chenye mzee mmoja na mhudumu mmoja, “nyamaza” inabaki na maana yake ya kamusi.

Wimbo ukiisha usiruke kwenye ratiba. Mwache achague mwingine, mwepesi, kisha chai, au pazia lifunguliwe, au umuulize kuhusu mechi ya Jumamosi. Victoria mtu bila timu ya futiboli yao ile ya mpira mrefu ni nadra. Mrudishe kwenye jioni ya leo. Usimhoji alichukuliwaje, na nani, siku gani. Akisimulia, pokea. Asiposimulia, hudaiwi kesi.

Na muulize anapenda aitweje. Waaborijini humwita mzee wao Anko au Anti, hata asipokuwa ndugu wa damu, kama sisi tunavyosema mjomba na shangazi; Archie aliitwa Anko Archie na taifa zima. Lakini heshima hiyo hutolewa kwa ridhaa, usijitwalie. Wengi wao walipewa majina mengine walikopelekwa. Huenda jina lililoko kwenye faili lenu siyo alilopewa na mama yake.

Jambo lingine la adabu. Katika jamii nyingi za Kiaborijini, jina, sauti au picha ya marehemu haitumiki mpaka familia iruhusu. Archie alifariki Warrnambool tarehe 30 Julai 2022, na familia yake iliruhusu jina na picha yake viendelee kutumika. Kwake uko salama. Kwa wanamuziki wengine waliotangulia, uliza.

Nyimbo za injili? Hapa sikupi ndiyo wala hapana. Kwa wengine waliokulia kwenye vituo vya misheni, tenzi ndizo zilizoimbwa usiku wa kiboko, na ukiziweka kwa nia njema utashangaa sura inavyobadilika. Kwa wengine ndizo faraja pekee waliyotoka nayo. Archie mwenyewe alijifunza muziki kwa nyimbo za kanisani na alizipenda hadi mwisho. Muulize mzee. Kitu ambacho sitaki ni uziweke ili anyamaze. Hapo utakuwa umezima kwa njia ya utakatifu.

Sasa, lini machozi hayo yawe ya kutia wasiwasi. Machozi uliyonieleza, yanateremka, ameshika kitanda, anajua yuko wapi, baada ya muda anatulia na kuomba tena kesho, ni machozi ya msiba. Yaache. Lakini ukiona ameganda, hajibu jina lake, macho yanatazama kitu kisichokuwepo. Au anapumua kwa kasi na kutetemeka hata wimbo ukishaisha. Au anakuona wewe ni ofisa aliyekuja kumchukua. Hapo wimbo umekuwa mlango wa kiwewe na haukupita salama. Sema jina lake taratibu, jitambulishe, mwambie ni siku gani na yuko wapi, mpe kitu baridi ashike mkononi, glasi ya maji yatosha. Halafu toa taarifa zamu hiyo hiyo, na wimbo usubiri mpaka mtu mwenye ujuzi amwone.

Tena uangalie nje ya muziki. Anaficha mkate chini ya mto? Anapigana wakati wa kuogeshwa? Halali? Makao ya wazee, hata yale mazuri, yanafanana vibaya na kituo cha watoto: korido ndefu, harufu ya sabuni ya jumla, mlango wa namba za siri, mtu wa sare anakwambia sasa ni saa ya kuoga. Kwa mtu aliyekulia huko, jioni yenyewe inaweza kuwa ndiyo tatizo, na wimbo ndio anaojishikilia nao. Mzee akibadilika ghafla, akaacha kula, akachanganyikiwa, msisingizie huzuni. Daktari amwone upesi, kwa kuwa maambukizi ya mkojo au maumivu yasiyosemwa humvuruga mzee kabisa. Akizungumzia kufa au kutotaka kuishi, usilibebe neno hilo peke yako mpaka asubuhi. Ipo simu ya 13YARN, namba 13 92 76, usiku na mchana, na anayeipokea ni Mwaborijini au mtu wa visiwa vya Torres Strait. Hatari ikiwa ya papo hapo, piga 000.

Kwa ya kudumu, zipo huduma za Link-Up zinazowasaidia waliochukuliwa kutafuta ndugu na kumbukumbu zao, na wapo wanasihi waliowekwa mahsusi kwa Vizazi Vilivyoibwa kupitia vituo vya afya vya Waaborijini. Melbourne, kituo cha Fitzroy kipo tangu 1973. Sikwambii umpeleke, huna mamlaka hayo, na yeye anaweza kukataa. Nakwambia umpelekee msimamizi wako wazo: mzee aulizwe kama angependa kutembelewa na mtu wa jamii yake, na usikilizaji wa jioni uandikwe kwenye mpango wake wa huduma, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba ameomba, kwamba kuna mtu atakaa naye. Likishaandikwa si siri ya zamu yako tena, na ukiwa likizo, mwingine atavuta kiti. Nadhani msimamizi atalipokea. Hofu yake kubwa ni kitu kisicho na karatasi.

Nije kwako.

Unakwenda chooni kulia, na humlilii yeye. Sijakuuliza unamlilia nani, na hapa si mahali pa kunijibu. Mtu aliyekulia Uvira katika miaka hii thelathini hahitaji kunieleza kwa nini wimbo wa watoto kuondolewa makwao unamfikia. Lugha ni ya kigeni, nchi ni ya wengine, na bado umekukuta. Hujamwibia mzee msiba wake. Lakini machozi yenu msiyachanganye. Akikuuliza kama nawe umepoteza mtu, mjibu kwa ukweli na kwa ufupi. Watu wa umri wake hutambua uongo haraka, na pengine anajua tayari kwa nini unatoka chumbani. Usiendelee zaidi ya hapo. Kumfanya mzee akubebe ni kumpa kazi ambayo hajaiomba, na akiwa muungwana hatakataa, ndiyo ubaya wake.

Jioni moja moja za kulia chooni sizihofii. Ninachohofia ni kama umeanza kubadilishana zamu ili usimwone, au ndoto zimerudi, au watoto wako nyumbani wanakukuta na hasira usizozijua chanzo chake. Kazi ya kuhudumia waliojeruhiwa humfikia mhudumu kimyakimya, hasa mwenye kidonda chake.

Hapo Victoria kuna Foundation House, taasisi inayowahudumia wakimbizi waliopitia vita na mateso tangu 1987. Hulipi. Kuwa na kazi na uraia hakukuzuii, na huna haja ya kungoja mpaka uanguke. Ukipiga, sema mapema kwamba unataka mkalimani wa Kiswahili, na useme ni Kiswahili cha Kongo, maana wakikuletea mkalimani wa Unguja mtapoteza nusu saa ya kwanza mkicheka. Na kama mkalimani anayepatikana ni mtu wa kanisani kwenu, una haki ya kumkataa na kuomba mwingine wa kwenye simu, kutoka jimbo jingine, asiyekujua hata kwa sura.